Tulikuwa Nanyuki



Wengi mmeuliza nilikuwa wapi Jumapili iliyopita. Wengine mmeuliza kwa upole, wengine mmempigia mzee wa kanisa simu kujua kama mchungaji anaumwa, na kuna ndugu mmoja aliyeniandikia maneno matatu tu: "Pasta, uko salama?" Niko salama. Asanteni kwa kutujali. Nilikuwa Nanyuki na mke wangu. Tulitoka Ijumaa mchana, tukarudi Jumapili usiku. Hapakuwa na semina, hapakuwa na mkutano wa injili, hapakuwa na mazishi. Tulienda kupumzika, mimi na yeye, basi.

Najua jinsi hilo linavyosikika masikioni mwa baadhi yenu. Mtu wa kwetu akisafiri lazima pawe na sababu: kuna arusi, kuna mahari ya kupelekwa, kuna mgonjwa, kuna shamba la kugawanywa. Mume na mke kupanda gari waende mahali ambapo hawana jamaa hata mmoja, walale huko siku mbili, halafu warudi bila hata gunia la viazi? (Viazi tulirudi navyo, msijali.) Jambo hilo tumelihesabu kuwa la wazungu, au la maharusi, au, tuseme ukweli, la watu ambao hawajaoana. Nimeshauri wanandoa wengi ofisini. Nikiwauliza ni lini mara ya mwisho walikaa wawili peke yao, huwa wanaangaliana, kisha mume anajibu, "Si tunakaa kila siku, Pasta?"

Ndiyo maana nimeona niandike. Mke wangu amesoma kila neno kabla sijaliweka hapa. Ameondoa aya mbili. Zilizobaki amezikubali.

Hebu fungua simu yako sasa hivi, uangalie ujumbe uliotumiana na mume wako au mke wako wiki iliyopita. Usiniambie, angalia tu. Wetu ulikuwa hivi: Gesi imeisha. Umelipa ada ya mdogo? Fundi wa maji amekuja. Mama fulani amelazwa, nani ataenda kumwona? Leta maziwa. Kamati imesogezwa Alhamisi. Uko wapi? Niko njiani.

Hakuna ubaya hapo. Nyumba haiendi bila gesi, na mgonjwa lazima aonwe. Lakini mtu asiyetujua akiusoma ujumbe huo atadhani sisi ni mameneja wawili wa kampuni ndogo ya usafirishaji. Kampuni inaenda vizuri, mizigo inafika, madeni yanalipwa. Shida ni kwamba mazungumzo ya kazi hayaishi kwa sababu kazi haiishi. Ukimaliza la gesi linaingia la maziwa. Na yale mengine, yale yasiyo na haraka, ambayo ukiyanyamazia leo hayatakuletea hasara kesho, yanakaa yakingoja. Yanaweza kungoja miaka.

Bwana wetu alilijua hili. Soma Marko 6 kuanzia mstari wa 30. Wanafunzi wametoka kwenye huduma, wana ripoti nzuri za kutoa, na watu wanaingia na kutoka mpaka hawapati nafasi hata ya kula. Yesu hakuwatangazia kesha. Aliwaita waende kando, mahali pasipo na watu, wapumzike kidogo. Ni kweli makutano yaliwafuata mpaka huko (wachungaji wenzangu mnajua inavyokuwa), lakini mwaliko ulitoka kwa Bwana mwenyewe. Na Eliya, 1 Wafalme 19, alipochoka mpaka akaomba afe, alilala usingizi, akaamshwa akapewa mkate na maji, akalala tena. Safari ya mlimani ilikuja baada ya hapo.

Halafu kuna Isaka. Hii ni ya Mwanzo 26, na sijui kwa nini huwa hatuihubiri arusini. Isaka yuko Gerari, anawaogopa wenyeji, amewaambia kwamba Rebeka ni dada yake. Siku moja mfalme Abimeleki anachungulia dirishani, anamwona Isaka akicheza na Rebeka, na papo hapo anajua kwamba huyu ni mke wake. Hakuhitaji cheti. Dirisha moja tu, mara moja tu. Huwa najiuliza: mtu akichungulia dirisha la nyumba zetu, zetu sisi tuliookoka, angejua? Au angedhani ni kaka na dada wanaogawana kodi ya nyumba?

Sasa la pesa, maana najua ndilo mnalongoja. Hakuna sadaka ya kanisa iliyoguswa. Tangu Januari tuliweka shilingi 300 kila wiki kwenye akiba ya simu, ile unayoifunga usiweze kutoa mpaka muda ufike. Kulikuwa na wiki ngumu, lakini wiki 32 zilitupa shilingi 9,600. Nauli ya matatu ya watu wawili, kwenda na kurudi, 2,800. Chumba siku mbili, na chai ya asubuhi humo humo, 5,000. Zile 1,800 zilizobaki ndizo tulizokula, na viazi. Hatukulala kwenye zile hoteli zenye mabwawa ya kuogelea. Tulilala kwenye nyumba ya wageni ya mama mmoja mtu mzima, vyumba sita, maji ya moto asubuhi na jioni tu, na kila kitanda kina blanketi tatu. Zote tatu tulizihitaji. Mji wa Nanyuki uko karibu mita 1,950 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake ya Agosti haina mchezo.

Watoto walibaki na mama yao mdogo. Mchungaji msaidizi alihubiri, na nimesikia alihubiri vizuri sana. Mmeniambia. Mmeniambia mara nyingi. Nimesikia.

Mimi nilikuwa nimependekeza Mombasa. Nilifikiri mke wangu angependa joto na bahari. Akasema, "Nataka kuuona mlima." Sikumuuliza zaidi, mwanamke aliyekuhudumia wewe na watu wako wote akisema anataka kitu kimoja, unakata tiketi.

Kutoka Nairobi ni kilomita karibu 200. Unapita Thika, Sagana, Karatina, ambapo akina mama walitujia dirishani na karoti zilizooshwa zikang'aa, kisha Naro Moru. Baada ya hapo ni mwendo mfupi tu. Ijumaa hiyo mlima hatukuuona kabisa. Upande wa kulia wa barabara palikuwa na ukuta wa mawingu, na mtu asiyejua angepita akidhani hapana kitu.

Jioni ya kwanza ilikuwa na ugumu wake, na nawaambia mapema ili msiogope mkienda. Tulikula githeri na chai. Habari za watoto tulizimaliza kwa dakika kumi. Habari za kanisa tulikuwa tumekubaliana tusiziguse. Simu zimezimwa. Basi kikaja kimya, mtu na mkewe wa miaka mingi wamekaa wanaangalia vikombe. Wengi wakifika hapo huwasha televisheni, au huanza ugomvi mdogo ili pawe na la kusema. Kimya hicho hakimaanishi kwamba ndoa imekufa. Matatu ikizimwa injini baada ya safari ndefu, masikio huendelea kuvuma kwa muda. Acheni yavume. Sisi tulilala saa mbili na nusu. Sijalala saa hiyo tangu shule ya msingi.

Mama mwenye nyumba alikuwa ametuambia, "Watoto wangu, mkitaka kuuona mlima amkeni mapema. Ikifika saa nne umeshajifunika." Saa kumi na mbili na robo tulikuwa nje na blanketi mabegani. Ulikuwa pale wote. Mita 5,199, wa pili kwa urefu Afrika baada ya Kilimanjaro, vilele vya Batian na Nelion vimechongoka, na chini yake vipande vyeupe vya barafu. Barafu yenyewe imebaki kidogo, na wataalamu wamekuwa wakionya kwa miaka mingi kwamba inayeyuka. Lakini ilikuwepo, na ilitosha kumnyamazisha mtu.

Kwa muda mfupi, lakini. Mimi kwa mazoea ya kazi nikaanza: "Unaona, mlima ulikuwa hapa hata jana ulipofunikwa, na ndivyo ahadi za Mungu..." Mke wangu akanigusa mkono. "Acha mlima uwe mlima kidogo," akasema.

Tukanyamaza. Kisha akaniita kwa jina langu.

Wapendwa, nyumbani kwetu mimi ni Pasta. Lilianza kama jina la heshima mbele za watu, likaingia sebuleni, likaingia jikoni. Watoto wanasema Baba, yeye anasema Pasta. Pale kwenye baridi aliniita jina alilokuwa akiniita nilipokuwa chuo cha Biblia, siku zile alipokuwa akija kunitembelea Jumamosi na mandazi ndani ya karatasi ya gazeti. Akasema, "Mama alikuwa akituonyesha huu mlima."

Mke wangu ni wa Kitui. Mama yake aliitwa na Bwana mwezi wa Juni mwaka jana, na wengi wenu mlisafiri kuja kutuzika naye. Nyuma ya boma lao kuna kilima. Asubuhi chache katika mwaka, mvua ikiwa imeosha vumbi lote angani, mama huyo alikuwa akiwatoa watoto wake nje na kuwaonyesha upande wa kaskazini kitu kidogo cheupe, mbali sana. Akiwaambia jina lake kwa Kikamba: Kiinyaa. Na akiwasimulia habari za Kivoi, yule mfanyabiashara mkubwa wa Wakamba, aliyempokea kwake mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf. Ilikuwa huko huko Kitui, Desemba 3, 1849, Krapf alipouona mlima huu. Akaliandika jina kama lilivyomfikia sikioni, Kenia, na baadaye jina la mlima likawa jina la nchi yetu. Ulaya kuna wasomi waliokataa kuamini, ati theluji haiwezi kukaa kwenye ikweta.

Krapf tulifundishwa habari zake chuoni: safari zake, kazi yake ya kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili. Jambo moja huwa nalifikiria zaidi ya hayo. Miaka mitano kabla ya asubuhi ile, Julai 1844, alimzika mke wake Rosine huko Mombasa, pamoja na mtoto wao mchanga. Hawakuwa wamemaliza hata miezi mitatu tangu wafike. Kaburi la Rosine liko Nyali hadi leo. Kwa hiyo mtu huyu alisimama Kitui, anatazama kitu ambacho hakuna mtu wa kwao aliyewahi kukiona, na hakuwa na wa kumgeukia amwambie, "Umeona?"

Mimi nilikuwa naye. Nilimshika mkono.

"Mama hakuwahi kufika huku," akasema. "Alituonyesha tu kutoka kule."

Kumbe ndiyo sababu ya Nanyuki. Ningeweza kumuuliza nyumbani, na angenijibu, "Nataka tu kuona mahali papya," maana maziwa yangekuwa yakichemka na mtu angekuwa mlangoni. Ilipofika saa nne kasoro, mawingu yalikuja yakaufunika mlima kama tulivyoambiwa. Tulikuwa bado tumekaa pale. Chai ilikuwa imepoa.

Mchana tulienda kwenye alama ya ikweta, pale barabarani kabla ya kuingia mjini ukitokea Naro Moru. Vijana wa pale wana beseni lenye tundu na vijiti vya kiberiti. Wanakupeleka hatua chache upande wa kaskazini, vijiti vinazunguka huku, upande wa kusini, vinazunguka kule, katikati, havizunguki. Wataalamu wa sayansi watakuambia kwamba maji ya beseni dogo namna hiyo hayajui habari za ikweta, yanafuata jinsi yalivyomiminwa. Mke wangu, ambaye ni mwalimu wa sayansi, alijua. Aliuliza maswali matatu mfululizo mpaka yule kijana akaanza kutoka jasho, kisha akamlipa na kumpongeza. Tulicheka njia nzima kurudi mjini. Nilikuwa nimesahau jinsi anavyocheka mdomo wazi. Mbele za washirika huwa anaziba kwa mkono.

Sasa nifike kwenye Jumapili, maana ndiyo iliyonifanya niandike.

Asubuhi tuliingia kanisa dogo la mabati, lolote tu tulilosikia likiimba. Tuliketi kiti cha nyuma. Ndipo nikagundua kwamba nimeketi karibu na mke wangu kanisani. Ninyi mnaona ni kitu kidogo, mnafanya kila wiki. Mimi huwa mbele, yeye huwa upande wa akina mama au jikoni au mlangoni akipokea wageni. Tukaimba wimbo mmoja kitabu kimoja. Wageni walipoambiwa wasimame, nikasimama nikasema jina langu, nikasema nimeokoka, nampenda Bwana, nimetoka Nairobi. Nikaketi. Hilo la uchungaji sikuliongeza, na hakuna aliyeniita mbele nilete salamu.

Wakati wa kuabudu, mke wangu akaanza kulia.

Mtu aliyezoea makanisa yetu anajua kuna kulia kwa aina nyingi. Huku kulikuwa kulia kwa mtoto aliyefiwa na mama yake. Kulianza polepole, kisha mabega, kisha sauti. Dada mmoja wa kuhudumu akaja, akampa tishu, akamwekea mkono begani kidogo, akaenda zake. Hakuuliza. Hakuita maombezi. Hakumwambia Mungu ni mwema wakati wote. Mungu ambariki dada yule, sijui jina lake. Mke wangu alilia nyimbo zote, akalia matangazo, akalia mahubiri yote. Siwezi kuwaambia somo lilikuwa lipi. Nilikuwa nimeshika mkono wa mtu.

Mnakumbuka mazishi ya mama mkwe. Mke wangu ndiye kifungua mimba. Alishika daftari la michango. Alipokea wageni. Alihesabu sahani. Alisimama kwenye kipaza sauti akawashukuru watu wote kwa niaba ya jamaa, kuanzia chifu mpaka waliochimba kaburi, bila kumsahau yeyote. Watu walisema mama mchungaji ana imani, hakutoa hata chozi. Nilisikia kwa masikio yangu, na lilisemwa kwa kumsifu. Jumanne iliyofuata alikuwa kwenye ushirika wa akina mama akimfariji dada mwingine aliyefiwa.

Baada ya ibada tulinunua chai na mandazi kwenye kibanda karibu na stendi, tukakaa kwenye benchi. Nikamuuliza, "Ilikuwa imekaa tangu lini?" Akasema, "Nilikuwa nikingoja wageni waishe ndipo nilie. Wageni hawakuisha."

Miezi kumi na minne.

Halafu akaongea saa mbili nzima juu ya mama yake. Jinsi alivyokuwa akisuka vyondo usiku kwa taa ya mafuta ili walipe ada, na asubuhi vidole vimechanika. Jinsi alivyomchapa siku moja kwa kosa la ndugu yake, na miaka thelathini baadaye akamwomba msamaha kwa simu, kama kitu kilichotokea jana. Mengine ndiyo yaliyokuwa kwenye zile aya mbili. Matatu mbili zilijaa zikaondoka tukiwa tumekaa. Tulipanda ya tatu.

Nimekuwa nikilifikiria jambo hili wiki nzima. Mke wangu alipata pa kulia kwa sababu alikuwa mahali ambapo hakuna mtu hata mmoja aliyehitaji awe imara. Hapa Nairobi kila anayemwona anamwona mtu wa kumtegemea: wanafunzi wake, watoto wetu, ninyi, mimi. Hakuna anayefanya makosa kwa kumtegemea. Lakini ukisimama chini ya nguzo mwaka mzima, huwezi kujua kama nguzo imechoka, maana nguzo haisogei. Bwana wetu mwenyewe alilia kwenye kaburi la Lazaro mbele za watu, Yohana 11, na alijua kabisa atakachokifanya dakika chache baadaye. Sijui tulitoa wapi fundisho la kwamba aliye na imani hulia kwa ratiba.

Kwa hiyo nakuuliza wewe unayesoma, kaka au dada: mwenzako analilia wapi? Usinijibu haraka kwamba hana la kulilia. Mzee wangu, wewe mwenye duka, mke wako anajua ile siku bidhaa zilipokamatwa ulihisi nini, au anajua tu kiasi cha hasara? Mama, yule mume wako anayenyamaza tangu kazi ilipoisha, ulishawahi kukaa naye mahali ambapo hakuna mtoto wa kumwita Baba, hakuna jirani wa kumwona akiwa nyumbani saa nne asubuhi? Inawezekana hana siri yoyote. Inawezekana anangoja tu wageni waishe.

Si lazima iwe Nanyuki. Kwa wengine 9,600 ni kodi ya nyumba, nalijua hilo, na sitaki mtu aingie kwenye deni la simu kwa sababu ya andiko la mchungaji. Kuna waliofunga chapati wakaenda msitu wa Karura Jumamosi moja, wakatembea mpaka miguu ikawauma, wakarudi jioni. Ila siku moja ni fupi. Kwa jinsi nilivyoona, siku ya kwanza mwili unafika, siku ya pili ndipo mtu anafika. Mkiweza kulala, laleni.

Na kuna jambo ambalo lazima nilinyooshe. Kama nyumbani kwako kuna kipigo, usiende na mtu huyo mahali pa mbali ambapo hakuna anayekujua. Safari haitibu ngumi. Njoo ofisini tuongee, au nenda kituo cha polisi kwenye dawati la jinsia, na mtu wa kanisa atakusindikiza. Nimewaona dada walioambiwa wavumilie na kuomba. Kuomba tutaomba, ukiwa mahali salama.

Wajane na wagane wetu, nanyi mnaoishi peke yenu, sijawasahau. Mke wangu amenikumbusha kwamba alilia kwenye bega langu lakini aliyempa tishu alikuwa mgeni kabisa. Amesema angependa kwenda na akina mama wajane siku mbili, mwakani, mahali penye baridi na blanketi nyingi. Hizo pesa tutazitafuta pamoja, na safari hii kanisa litachanga.

Kwa sasa tumekubaliana hivi na wazee. Vikundi vya nyumbani vitaandika majina ya watu wanaoweza kukaa na watoto wa wenzao Ijumaa mpaka Jumapili, mara moja kwa miezi mitatu. Nyumba mbili zimeshajitolea. Wanandoa wanaotaka nafasi wamwone katibu, wenye watoto wadogo watangulie. Mtu akienda, hapigiwi simu kuulizwa funguo za vyombo vya muziki ziko wapi. Andikeni zinakokaa.

Na tangazo la mwisho. Kuanzia Jumatatu shule zikiwa zimefungwa, mama mchungaji ataenda Kitui wiki moja kukaa na dada zake. Hakuna kazi atakayofanya huko. Ushirika wa akina mama utaongozwa na naibu wake. Michango ya arusi ya mwezi ujao apewe mweka hazina, si yeye, hata kama mmezoea. Akikutana nanyi Jumapili hii mlangoni, mumsalimie tu. Mwenye neno la haraka anipigie mimi, na kama ni la gesi, kuna dukani.